Nani Anamlipa Mshauri wa Mkulima?

Hotuba kwa wadau wa kilimo wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, mabwana na mabibi shamba wenzangu, ndugu mawakala wa pembejeo mliofunga maduka siku ya kazi ili mje hapa, wakulima wetu kutoka Mbarali, Mbozi, Rungwe na Chunya, wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni kushirikisha sekta binafsi katika huduma za ugani, yaani ushauri wa kitaalamu anaopewa mkulima. Imeandikwa kana kwamba sekta binafsi iko nje ya mlango, inapiga hodi, nasi tumo ndani tunajadili kama tuifungulie. Jamani, ilishaingia zamani. Ilishapewa kiti na chai. Kuna vijiji ambavyo ndiyo peke yake iliyomo ndani, sisi wa serikali ndio tunaopiga hodi.

Tazameni mkulima wa mpunga kule Mbarali. Majani yakianza kugeuka njano, anang'oa shina moja, analifunga kwenye kipande cha gazeti, anapanda bodaboda mpaka dukani. Haendi ofisi ya kata. Siyo kwamba anamdharau bwana shamba. Hana uhakika wa kumkuta. Takwimu za wizara za miaka michache iliyopita zilitaja maafisa ugani, ndio hao mabwana na mabibi shamba, wasiozidi 7,000 kwa nchi nzima, na nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000. Hao wachache nao wako chini ya halmashauri, na sote tunajua halmashauri inavyomtumia bwana shamba: uandikishaji wa wapiga kura yumo, sensa yumo, kukaimu utendaji wa kijiji yumo. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwagawia pikipiki, na bajeti ya Wizara ya Kilimo ikapanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954 kwa mwaka mmoja. Ni hatua kubwa na sitaibeza. Lakini hata wote wakipanda pikipiki, bado mtu mmoja atahudumia kaya nyingi kuliko anazoweza kuzifikia kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo sikuja kuuliza kama sekta binafsi itoe ushauri. Nimekuja kuuliza jambo ambalo katika vikao vyetu huwa tunalipita haraka: huyu anayemshauri mkulima analipwa na nani, na analipwa kwa ajili ya nini? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kila mshauri ana anayemlisha. Ukimjua huyo, utajua ushauri utaishia wapi.

Tuanze na tulikotoka, kwa ufupi, maana humu kuna wazee wanaokumbuka kuliko mimi. Mwaka 1972 likatoka Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo, na bwana shamba akawa mtu mkubwa kijijini, wakati mwingine mkubwa kupita kiasi, kwa sababu alikuja na amri pamoja na ushauri. Mazao ya biashara yalikuwa na mamlaka zake: tumbaku, chai, pamba, korosho, pareto. Kila mamlaka ilikuwa na wataalamu wake wa shambani. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaja mfumo wa Mafunzo na Matembeleo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Bwana shamba akafundishwa kwa ratiba na akatembelea wakulima kwa ratiba. Ratiba ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Fedha za mradi zilipokwisha, mafuta ya pikipiki yakaisha, na ratiba ikabaki ukutani.

Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa. Wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa, pamba, korosho na tumbaku moja kwa moja kwa mkulima. Bei tuliijadili sana wakati ule. Ugani hatukuujadili. Zile mamlaka zilikuwa zinakata fedha kwenye zao, na sehemu ya makato hayo ilikuwa inamlipa mtaalamu wa shambani. Mnunuzi mpya aliyekuja na mizani na pesa taslimu hakuwa na sababu ya kumlipa mtaalamu. Amfundishe mkulima wa leo, ili kesho mzigo anunue mwenzake aliyeongeza shilingi kumi? Hiyo ndiyo hesabu iliyoua ugani katika pamba kwa miaka mingi. Nasema ni hesabu, siyo roho mbaya.

Tumbaku ilipona, na inafaa tuone ilivyopona. Kule Urambo, Kaliua, na kwetu hapa Chunya, kampuni ziliendelea kununua kwa mkataba. Mkulima kupitia chama chake cha msingi cha ushirika anapata mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, na kampuni inaleta fundi wake wa shambani. Fundi huyo anajua siku ya kusia mbegu kitaluni, anajua lini maua yakatwe, anaingia kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kuangalia moto. Nimewahi kuwasikia wakulima wa mahindi wakiuliza kwa wivu kwa nini wao hawana mtu kama yule. Jibu ni jepesi. Jani likiungua banini, kampuni imepoteza mkopo wake na imepoteza mzigo wake. Fundi anakuja shambani kwa sababu hasara ya mkulima ni hasara ya anayemlipa yeye.

Hapo maslahi yamekutana, na yanapokutana ushauri unakuwa mzuri kweli. Ndivyo ilivyo kwa chai ya Njombe na Mufindi, ndivyo ilivyo kwa miwa ya wakulima wa nje kule Kilombero, ndivyo ilivyo kwa shayiri ya viwanda vya bia kule kaskazini. Kampuni inahitaji malighafi yenye sifa fulani, kwa wakati fulani, kwa hiyo inamfundisha anayeilima.

Lakini sogea hatua moja mbele. Mkulima wa tumbaku ana watoto sita na ekari moja ya mahindi. Anachukua mfuko mmoja wa mbolea ya tumbaku anautia kwenye mahindi. Sote tunajua, fundi anajua, meneja anajua. Je, fundi atamfundisha namna ya kuitumia vizuri ile mbolea kwenye mahindi? Hawezi, kazi yake ni kuizuia isiende huko. Tena, mwaka ambao dalili zinaonyesha tumbaku itazidi mahitaji ya wanunuzi, ni fundi gani wa kampuni atamwambia mkulima, "Mzee wangu, mwaka huu punguza nusu ekari, weka alizeti"? Sijasikia. Simlaumu. Angesema hivyo angefukuzwa kazi, na angestahili kufukuzwa, maana hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Kosa ni letu sisi tunaoandika kwenye ripoti kwamba kata hiyo "ina huduma ya ugani" kwa sababu fundi wa tumbaku yupo.

Sasa nije kwa ndugu zangu wa maduka. Naona mmeshaanza kujiweka sawa kwenye viti. (Kicheko.) Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ninyi ndio mnaoonana na wakulima wengi kuliko sisi wote tuliomo humu ndani.

Mwaka 2014 aliingia nchini nondo mdogo wa nyanya, yule wakulima wanayemwita kantangaze. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani na ndani ya tunda, humuoni mpaka ameshaharibu. Anazaliana vizazi vingi kwa mwaka, na dawa moja ikitumika mfululizo anaizoea. Mwaka 2017 akafuata kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi, mdudu wa asili ya bara la Amerika aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuvuka bara zima kwa muda mfupi sana. Nani aliyekuwa na jibu kijijini siku zile? Shule hazikuwa nalo. Watafiti walikuwa bado wanaandika. Muuzaji wa duka ndiye aliyeulizwa, asubuhi hadi jioni, na alipaswa kusema kitu.

Alisema alichokuwa nacho kwenye rafu.

Na hapa niwe mkweli, wengi walisema vizuri. Wapo wauzaji waliomwambia mkulima apige dawa jioni, alenge katikati ya majani machanga ambako kiwavi amejificha, apige mapema akiwa bado mdogo, maana akishakua mkubwa unamwogesha tu. Huo ni ushauri sahihi, na ulitoka dukani kabla haujatoka ofisini. Ila wapo pia waliouza chupa tatu tofauti zichanganywe kwenye bomba moja, kipimo kifuniko, wasijue kwamba chupa mbili kati ya hizo zilikuwa na kiambata kilekile chenye majina mawili ya biashara. Mkulima alilipa mara mbili, na mdudu akapata darasa la kuzoea sumu.

Turudi kwenye kantangaze. Ushauri kamili ni upi? Ng'oa masalia yote ya nyanya baada ya kuvuna na uyafukie au uyachome. Usipande nyanya juu ya nyanya. Weka mahindi au kitunguu katikati ya msimu mmoja wa nyanya na mwingine. Kagua miche kabla ya kuihamisha. Tundika mitego yenye harufu inayovuta madume uone idadi inapandaje. Ukilazimika kupiga dawa, badilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa. Sasa hesabuni wenyewe: katika mambo hayo, mangapi yanaingiza hela dukani? Dawa. Mtego pia, kama dukani upo, na mara nyingi haupo. Mengine yote ni jasho la mkulima na maneno ya mshauri. Muuzaji anayetumia nusu saa kumweleza mama mmoja habari za masalia, wakati wateja wanne wamesimama nyuma yake, anatoa sadaka. Mfumo wa taifa haujengwi juu ya sadaka.

Kwa hiyo napendekeza tuache kuwahubiria mawakala kuhusu uzalendo. Sheria inawataka wapate mafunzo na kibali kabla ya kuuza viuatilifu, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo kwa kazi hiyo. TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, wameweka lebo kwenye mbegu ambayo mkulima anaikwangua na kuhakiki namba kwa simu. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea ipo. Yote hayo yanahakikisha kwamba kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichoandikwa nje. Hakuna hata kimoja kinachohakikisha kwamba mkulima alihitaji ule mfuko.

Pengine kitu kidogo kingesaidia. Daktari wa binadamu anaandika cheti, na mgonjwa anaondoka nacho. Kwa nini duka la pembejeo lisiandike? Karatasi ndogo: tatizo aliloleta mkulima, alichoshauriwa, alichouziwa, kipimo, tarehe, jina la aliyeshauri. Nakala moja ibaki dukani. Bwana shamba wa kata apite mara moja kwa mwezi aisome. Haitagharimu zaidi ya daftari na kaboni. Muuzaji mzuri atalindwa na karatasi hiyo siku mkulima atakapokuja kusema dawa yako haifanyi kazi, kumbe alipiga saa saba mchana jua kali. Na muuzaji mbaya ataogopa kuandika.

Nijibu pia hoja ninayoisikia sana, kwamba dawa ya haya yote ni serikali kutoa fedha, kisha watoa huduma binafsi washindane kupewa kazi. Majirani zetu Uganda walifanya hivyo, tena kwa moyo. Mwaka 2001 walipitisha sheria ya NAADS, yaani huduma ya taifa ya ushauri wa kilimo. Wakulima wangejiunga kwenye vikundi na mabaraza, wangechagua wanachotaka kujifunza, na mtoa huduma binafsi angepewa mkataba wa kuwafundisha. Mkulima ndiye bosi. Nani angeipinga? Wataalamu wengi wa dunia waliisifu, na nadhani wazo lenyewe lilikuwa na heshima kwa mkulima kuliko mengi tuliyoyajaribu sisi.

Kilichotokea kinafundisha. Mikataba ilikuwa mifupi. Mshauri anafika, anafundisha mada aliyolipwa kufundisha, anasainiwa fomu, anaondoka. Mahindi yanapopata ugonjwa wiki sita baadaye, yuko wilaya nyingine kwenye mkataba mwingine. Vikundi navyo, wenye sauti na wenye ardhi wakaonja kwanza. Polepole fedha zikahama kutoka kwenye kufundisha kwenda kwenye kugawa: mbegu, kuku, mbuzi, maana kitu cha kugawa kinaonekana kwenye picha na maarifa hayaonekani. Mwaka 2007 Rais Museveni akasimamisha fedha kwa muda. Kufikia 2014 kazi ya kugawa pembejeo ikakabidhiwa kwa maafisa wa jeshi, na ugani ukarudishwa wizarani. Nchi iliyokwenda mbali zaidi katika ukanda wetu kuukabidhi ugani kwa watu binafsi ikaishia na mwanajeshi anagawa miche ya kahawa. Sisemi kwa kejeli. Ningekuwa mimi pale, sijui kama ningefanya tofauti.

Somo langu kutoka kule si kwamba sekta binafsi imeshindwa. Mkataba ulimlipa mshauri kwa kufika na kufundisha. Haukumlipa kwa kubaki. Na katika kilimo, kubaki ndiyo kazi yenyewe.

Wengine hupenda kututajia Ulaya. Uholanzi walibinafsisha ugani wao miaka ya 1990, Uingereza wakauza idara yao ya ushauri mwaka 1997. Ni kweli. Lakini mkulima wa Uholanzi ana kumbukumbu za shamba lake za miaka mingi, ana mkopo benki, na ushauri wa laki kadhaa kwake ni gharama kama gharama nyingine. Tusipoteze muda hapo.

Tuangalie karibu zaidi, Kenya, kwenye chai. Mwaka 1964 waliunda mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Mwaka 2000 ikabinafsishwa, ikawa KTDA. Tofauti yake na ubinafsishaji mwingi tunaoujua ni kwamba wenye hisa za viwanda ni wakulima wenyewe, zaidi ya laki sita. Mtaalamu wa shambani anayewafundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi analipwa kutokana na majani yao. Je, mambo ni shwari? Hapana. Wakulima wanalalamikia wakurugenzi, wanalalamikia marupurupu, na mwaka 2020 ikapitishwa sheria mpya ya chai kwa kelele nyingi. Lakini sikilizeni aina ya kelele: ni kelele za mtu anayedai hesabu ya fedha yake. Mkulima wetu wa mahindi hana hata wa kumpigia kelele.

Na sisi tunao mfano wetu, hatuutangazi vya kutosha. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa pale Lyamungu, TaCRI, tangu mwaka 2001 imeendeshwa na wadau wa kahawa wenyewe, kwa makato ya mauzo ya kahawa pamoja na wafadhili. Ndiyo iliyotoa aina za kahawa zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ikafundisha vikundi kuzalisha miche yake vijijini. Mkulima wa Mbozi aliyepanda aina hizo anaokoa dawa ya kopa kila mwaka. Angalieni hilo: huu ni ushauri unaomfanya mkulima anunue dawa kidogo zaidi, na umetoka kwenye taasisi ambayo si idara ya serikali. Uliwezekana kwa sababu anayelipa ni kahawa, siyo chupa.

Ndiyo maana ninaposema sekta binafsi, nawaomba msione kampuni peke yake. Chama cha msingi ni sekta binafsi. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzia pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro mwaka 1993 na kusema tangu siku ya kwanza kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, ni sekta binafsi. Chama cha msingi chenye wanachama mia nne wa mpunga kikikata shilingi chache kwa kila gunia, kinaweza kuajiri kijana mmoja mwenye diploma ya chuo cha kilimo cha Uyole au Ilonga, akaishi hapohapo kijijini. Na kikimwajiri kinaweza kumfukuza. Bwana shamba wa serikali huwezi kumfukuza, fundi wa kampuni huwezi kumfukuza, muuzaji wa duka unaweza kumhama lakini duka la pili liko kilomita ishirini.

Kuna anayeniambia mkulima hawezi kulipia ushauri, ameshazoea bure. Nakubali nusu. Mkulima hatalipia maneno. Lakini mtazame mfugaji wa Rungwe. Ng'ombe wake akiingia joto, anapiga simu, mtaalamu anakuja na pikipiki na chupa ya mbegu, anampandisha, analipwa. Akiwa pale anamwambia, "Bibi, huyu ng'ombe amekonda, ongeza majani ya jamii kunde, na banda hili halina hewa." Bibi amelipia kupandisha, ushauri umeingia humohumo. Mkulima wa mazao naye analipia kulimiwa kwa pawatila, analipia kupukuchuliwa, analipia kupigiwa dawa. Kijana aliyesoma kilimo, akiwa na bomba zuri na mavazi ya kinga, akalipwa kwa ekari badala ya kwa chupa, hana sababu ya kupiga dawa isiyohitajika. Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana wa kilimo wanaongoja ajira ya serikali. Ningependa halmashauri iwakopeshe hao mabomba kupitia ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, kabla haijakopesha kikundi kingine cha viti na maturubai ya harusi. (Makofi.)

Sasa niseme lililo gumu kwangu. Kuna maarifa ambayo hakuna atakayeyauza, leo wala kesho.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ini baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Wapatao 20 walifariki. Kinga yake tunaijua: vuna kwa wakati, anika juu ya turubai na siyo juu ya ardhi, chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, hifadhi yakiwa yamekauka kweli. Nani atapita nyumba kwa nyumba kusema hayo? Anayeuza mbegu alishauza Novemba. Mnunuzi wa mahindi anaangalia uzito, na sumukuvu haionekani wala hainusiki. Mwaka 2018 ilisajiliwa nchini kinga ya kibayolojia ya kurushwa shambani, na mara ilipopata mtengenezaji, elimu yake ikaanza kupata mtu wa kuipeleka. Ni jambo jema. Lakini kuchambua punje mbovu hakuna mtengenezaji.

Mihogo hali ni hiyohiyo. Magonjwa ya batobato na michirizi kahawia yanasafiri kwenye vipando ambavyo jirani anampa jirani bure. Maharage: mkulima akinunua mbegu bora leo, mwakani anatunza yake, na hana kosa, ila kampuni ya mbegu haiwezi kujenga biashara hapo, kwa hiyo haiweki mtu hapo. Mtama, ulezi, njugu mawe. Hivi ndivyo vyakula vya watu maskini zaidi, na ndivyo visivyo na mshauri wa kampuni. Haitokei kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo ninapotaka fedha ya umma iende. Kama duka linashauri kuhusu dawa na kampuni inashauri kuhusu tumbaku, bwana shamba wa serikali asirudie kazi yao. Aende kwenye sumukuvu, kwenye afya ya udongo, kwenye mihogo, kwenye maharage, kwa bibi mwenye robo ekari ambaye hakuna mkataba utakaomfikia. Na awe refa: asome zile karatasi za dukani, akae mezani mkataba wa kilimo unaposainiwa, ahakikishe mkataba unaeleza fundi atakuja mara ngapi na nini kitatokea asipokuja. Mikataba mingi niliyoiona inaeleza kwa kirefu kitakachompata mkulima asipolipa deni. Ya fundi kutokuja haina hata mstari.

Na kampuni zilizopo hapa, nina ombi moja. Mashamba yenu ya mfano pale uwanja wa John Mwakangale wakati wa Nane Nane yanapendeza kweli. Mahindi yanamwagiliwa kila jioni, yana mbolea mara tatu, na palizi ya kuokota kwa mkono. Hata mbegu ya babu yangu ingetoa mahindi mawili kwa kila shina kwa matunzo hayo. (Kicheko.) Wekeni mstari wa pili pembeni, mbegu ileile kwa matunzo ya mkulima wa kawaida wa Mbozi. Wekeni mstari wa tatu, bila bidhaa yenu. Halafu andikeni kwenye kibao gharama ya kila mstari na gunia zilizopatikana. Kampuni yenye bidhaa nzuri haina cha kuogopa kwenye mstari wa tatu.

Kuhusu simu sina mengi. Ujumbe mfupi wa utabiri wa mvua una faida, na redio bado inafika mahali ambapo intaneti haifiki. Lakini ninyi mnaotengeneza programu za kumshauri mkulima, swali ni lilelile: nani anailipia? Kama inalipiwa na anayeuza mbolea, mkulima aambiwe hivyo kwenye ujumbe wa kwanza kabisa.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona unatazama saa. Katika kipindi cha maswali naomba waanze mawakala wa pembejeo, kwa sababu nimewasema sana na hawajapata nafasi ya kujibu. Wakimaliza, ningependa kumsikia mkulima yeyote aliyewahi kulipia ushauri kutoka mfukoni mwake: alilipa kiasi gani, na kama mwakani atalipa tena.

Asanteni kwa kunisikiliza.